Uliza Tujibu: Kifaransa kwenye kadi ya harusi, tangazo la kifo na mkopo wa nyumba

Barua za toleo hili zimegongana. Karibu zote zinauliza kuhusu maneno ambayo hapa Nairobi tunayahesabu kuwa ya Kiingereza, ilhali Kiingereza chenyewe kiliyakopa kwa Wafaransa. Tunaanza na ya mchapishaji, kwa kuwa mteja wake anasubiri dukani.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nina kiduka cha uchapaji karibu na River Road. Wateja wa matangazo ya kifo na kadi za harusi huniletea neno “née” likiwa limeandikwa kila namna: nee, neé, nèe, ne'e. Kuna kazi ilitoka kwenye mashine ikisomeka “nÃ©e” na mteja akaikataa yote. Lipi ndilo sahihi, maana yake hasa ni nini, na hizo alama za ajabu zinatoka wapi? — *Mchapishaji, River Road*

JIBU: Sahihi ni née. Alama inakaa juu ya e ya kwanza. Ya pili haina kitu. Ukijua neno limeundwaje hutalikosea tena. Kitenzi cha Kifaransa cha kuzaliwa ni *naître*. Mwanamume aliyezaliwa ni *né*, na hapo neno limekamilika pamoja na alama yake. Akiwa mwanamke, Kifaransa huongeza e ya kike mwishoni, ambayo haitamkwi: *né*, kisha *e*. Anayeandika “neé” ameivisha alama ile e ya kike na kuliacha shina uchi. Fiancé na fiancée vinafuata kanuni hiyohiyo: mchumba wa kiume ana e moja, wa kike ana mbili. Kwa sikio hakuna tofauti yoyote, lakini kadi haisikilizwi, inasomwa.

Kiingereza kililichukua neno hili kwa kazi moja tu: kutaja ukoo aliozaliwa nao mwanamke aliyebadilisha jina alipoolewa. Kwa hiyo kinachofuata née ni jina la ukoo peke yake. Andika “Akinyi Otieno née Okello”, usiandike “née Akinyi Okello”. Sababu ni ya kimila: kwa Wazungu wa enzi hizo mtoto alizaliwa tayari ana jina la ukoo, lile lake mwenyewe akapewa siku ya ubatizo. Haiwezekani basi kusema “alizaliwa Akinyi”.

Hapo ndipo matangazo yetu huteleza. Mama ambaye hakuchukua jina la mume hahitaji née hata kidogo. Na tangazo likiwa limekwisha kusema “binti wa marehemu Mzee Okello”, née Okello inarudia habari ileile kwa mavazi ya kigeni. Mshauri mteja aondoe moja, tena utampunguzia gharama kama gazeti linatoza kwa nafasi. Mwanamume aliyebadilisha jina ni *né*, e moja. Kampuni iliyobadilisha jina haina née wala né, kwa kuwa haikuzaliwa. “Zamani ikiitwa” inatosha. Tangazo likiwa kwa Kiswahili, achana na Kifaransa kabisa: “wa ukoo wa Okello kwa kuzaliwa”.

Sasa tuje kwenye mashine. Kwenye simu, bonyeza e na uishikilie mpaka kistari cha herufi nyingine kitokee, kisha chagua ile ambayo alama yake inapanda kuelekea kulia. Inayoshuka kuelekea kulia, è, ni herufi nyingine yenye sauti nyingine. Kwenye kompyuta ya Windows, shikilia Alt na uandike 0233 kwa vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia wa kibodi; herufi kubwa É ni 0201. Tarakimu za safu ya juu hazifanyi kazi hapo, na laptopu nyingi ndogo hazina vile vya kulia. Basi kwenye Word bonyeza Ctrl pamoja na alama ya ritifaa ('), achia, halafu e. Kwenye Mac ni Option na e, achia, kisha e tena. Ritifaa iliyobandikwa pembeni, ne'e, si mbadala: kwenye fonti za maandishi ya mkono inaachana na e na kuonekana kama doa la wino.

Ile “nÃ©e” ina sababu yake. Faili za siku hizi huhifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, ambamo é huchukua baiti mbili: C3 na A9. Programu ya zamani inayodhani kila baiti ni herufi moja inasoma C3 ikachapa Ã, inasoma A9 ikachapa ©. Faili haijaharibika, imesomwa vibaya tu. Usirekebishe kwa kufuta alama moja moja, maana utaacha nyingine. Ifungue faili upya na uchague UTF-8 pale programu inapouliza aina ya usimbaji, au mwombe mteja akutumie PDF yenye fonti ndani yake. Ukiona kisanduku kitupu badala ya é, hilo ni tatizo jingine: herufi imesomwa sawasawa lakini fonti uliyochagua haina umbo lake. Fonti za mapambo zinazopakuliwa bure kwa ajili ya kadi za harusi ndizo huwa na pengo hilo. Kabla hujampangia mteja kadi nzima, andika é, ê, ç na ï kwa fonti hiyo uone kama zote zinatokea.

SWALI: Sisi ni kamati ya harusi. Kadi yetu inasema “Please RSVP, regrets only”. Mjomba wa bwana harusi anadai tumeandika mambo mawili yanayopingana na kwamba tumeomba mara mbili. Yuko sawa? — *Kamati, Donholm*

JIBU: Kuhusu kuomba mara mbili, mjomba ameshinda. RSVP ni *répondez s'il vous plaît*. *Répondez* ni “jibuni”, kwa wingi wa heshima. *S'il* ni “ikiwa”, *vous* ni “ninyi”, *plaît* ni “inapendeza”. Yaani jibuni, ikiwapendeza. “Please” ya Kiingereza nayo imetoka kwa kitenzi hichohicho cha Kifaransa cha kale. Kwa hiyo “please RSVP” inasema tafadhali, tena tafadhali. Hakuna atakayekosa harusi kwa sababu hiyo, na Waingereza wenyewe huandika hivyo kila siku, lakini kadi safi ina RSVP pekee. Nukta kati ya herufi si lazima.

Kupingana hakupo. “Regrets only” ina maana kwamba wasioweza kuja tu ndio wajibu. Shida yake ni ya mfukoni. Aliyepoteza kadi, aliyesahau na asiyetaka kusema hapana wote wananyamaza, na kamati inawahesabu kuwa wanakuja. Kama kampuni ya upishi inawatoza kwa sahani, mnalipia ukimya. Tungeifuta. Ibaki tu pale chakula kinapopikwa nyumbani kwa sufuria na hakuna anayehesabu sahani.

Kilicho muhimu kuliko Kifaransa ni vitu vitatu chini ya hizo herufi nne: jina la mtu, namba moja ya simu, na tarehe ya mwisho. Namba tatu za watu watatu huzaa orodha tatu zisizolingana. Tarehe msiichague kwa kubahatisha. Waulizeni wapishi siku wanayotaka idadi kamili, kisha wekeni yenu wiki moja kabla ya hiyo, kwa sababu wiki hiyo ndiyo mtakayopiga simu kwa walionyamaza.

Na kama mtatuma mwaliko kwa SMS, msiandike maneno yenyewe kwa urefu. SMS moja hubeba herufi 160 ikiwa zote zimo kwenye orodha ya msingi ya simu. É imo. Î ya *plaît* haimo, na wala ritifaa iliyopinda ambayo Word hujiwekea yenyewe haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine wenye nafasi 70 tu, au 67 kwa kila kipande ukigawanyika. Ujumbe wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu, na mtoaji wa SMS za jumla anatoza kila kipande. Kwa wageni 300 hiyo ni SMS 900 badala ya 300, kwa sababu ya kikofia kimoja juu ya i.

Wafaransa wenyewe siku hizi hupendelea kuandika *réponse souhaitée*, jibu linatarajiwa, pamoja na tarehe. Kwa Kiswahili, “tafadhali thibitisha kuhudhuria kabla ya tarehe fulani” haina upungufu wowote.

SWALI: Mwenzangu kazini anasema “mortgage” ni ndugu ya mochari, eti ndiyo maana mkopo wa nyumba humalizwa na kifo. Benki imenipa rasimu ya hati niisome kabla sijatia sahihi, na ndani hakuna “mortgage”, kumejaa “charge”. Naomba mnifafanulie. — *Mkopaji mtarajiwa, Embakasi*

JIBU: Undugu upo, ila si kwa sababu hiyo. “Mortgage” ni maneno mawili ya Kifaransa cha kale yaliyoshikana: *mort*, iliyokufa, na *gage*, rehani. Mochari yetu imetoka kwa “mortuary”, lenye shina lilelile la Kilatini la kifo. Kabla ya kuwa nyumba ya maiti, “mortuary” ilikuwa malipo ambayo kanisa la mtaa lilidai kutoka kwenye mali ya marehemu, kwa hiyo hata hilo lilianza kama bili. T ya “mortgage” haitamkwi, sema mogiji.

Kilichokufa si mkopaji bali ni rehani. Imekufa vipi? Kuna maelezo mawili, na la zamani zaidi ndilo linalomfaa mtu aliyeshika kalamu.

Mwishoni mwa karne ya 12, kitabu cha sheria za Uingereza kinachojulikana kwa jina la Glanvill kilitenganisha rehani hai na rehani mfu. Enzi hizo mkopeshaji alikabidhiwa shamba lenyewe akalikalia mpaka alipwe. Rehani ikiwa hai, mavuno yalipunguza deni. Ikiwa mfu, mavuno yalikwenda kwa mkopeshaji na deni likabaki vilevile. Chukua deni la 100 na shamba linalozaa 20 kwa mwaka. Katika rehani hai, baada ya miaka 5 deni limekwisha na shamba linarudi kwa mwenyewe. Katika rehani mfu, baada ya miaka 5 mkopeshaji ameshavuna 100 na bado anadai 100. Shamba halimfanyii kazi mdaiwa tena, na kwake hilo ni maiti. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa riba na dhambi, lakini mahakama ya mfalme haikulikataza.

Maelezo ya pili ni ya jaji Thomas Littleton wa karne ya 15, yaliyoenezwa na Edward Coke mwaka 1628: mdaiwa asipolipa siku iliyowekwa, ardhi imekufa kwake, akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Yamepangika vizuri na ndiyo yanayorudiwa kila mahali. Lakini yalikuja takriban karne tatu baada ya Glanvill, wakati desturi ya kukabidhi shamba na kugombania mavuno ilikuwa imebadilika. Sisi tunashika ya kwanza.

*Mort* hiyohiyo imejificha kwenye “amortization”, lile jedwali la malipo ambalo benki huambatisha nyuma ya hati na ambalo wakopaji wengi hulipita. Maana yake ni kuliua deni kidogo kidogo. Litazame kwa makini uone linavyokufa polepole. Tuseme umekopa shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka isiyobadilika, kwa miaka 15. Malipo ya kila mwezi ni karibu 36,005. Mwezi wa kwanza, riba pekee ni 30,000, kwa hiyo deni lenyewe linapungua kwa 6,005 tu. Baada ya miaka 5 umelipa takriban 2,160,000, na bado unadaiwa karibu 2,510,000. Mpaka mwisho utakuwa umetoa takriban 6,480,000. Hakuna ulaghai hapo, ni hesabu: riba inakokotolewa juu ya salio, na mwanzoni salio ni kubwa. Ndiyo sababu shilingi 100,000 ya ziada ukiilipa mwaka wa kwanza huua deni zaidi kuliko ukiilipa mwaka wa 12. Uliza tu mapema kama hati ina adhabu ya kulipa kabla ya muda, na kama riba ni ya kubadilika, omba uonyeshwe jedwali la pili ikiwa imepanda kwa asilimia 2.

Kuhusu “charge” kwenye rasimu yako, benki haikufichi kitu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inatumia neno hilo kwa ardhi iliyowekwa dhamana ya mkopo. Nalo ni Kifaransa: *charger* ni kupakia mzigo. Ardhi yako inabaki jina lako, ila imetwikwa mzigo, na mzigo huo unaandikwa kwenye sajili. Ukichelewa malipo na hali hiyo ikaendelea kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kukupa notisi ya kulipa kilichochelewa ndani ya muda usiopungua miezi 3. Usipolipa naye akachagua kuuza, lazima akupe notisi nyingine, ya kuuza, isiyopungua siku 40. Notisi hizi ni mbili tofauti. Moja haifanyi kazi ya nyingine, na barua ya kukukumbusha deni si yoyote kati yake.

Wengi husahau upande wa pili. Ukimaliza kulipa, mzigo haujiondoi wenyewe kwenye sajili. Unahitaji hati ya kuuondoa, “discharge”, iliyotiwa sahihi na mkopeshaji, kisha isajiliwe kwenye ofisi ya ardhi. Kuna watu wenye barua ya benki inayosema deni limekwisha, nao hugundua wakati wa kuuza kwamba sajili bado inaonyesha ardhi yao imetwikwa.

SWALI: Muuzaji wa Luthuli Avenue ameniambia simu ina “warranty” lakini haina “guarantee”. Nilidhani ni kitu kimoja. — *Mnunuzi, Pangani*

JIBU: Kwa asili ni kitu kimoja. Makabila ya Kijerumani yaliyoingia Ufaransa yalikuwa na neno lenye w mwanzoni. Watu wa Normandi, kaskazini, waliiacha w ilivyo. Upande wa Paris waliigeuza gu. Wanormandi walipoitawala Uingereza baada ya 1066 walileta maneno yao, na baadaye Kiingereza kikayapokea tena yaleyale kwa umbo la Paris. Ndiyo maana kina “warranty” na “guarantee”, “warden” na “guardian”, “reward” na “regard”. *Gage* ya mkopaji wetu wa Embakasi ina pacha pia: “wage”, mshahara, ambao kwa asili ni malipo yaliyowekewa ahadi. Kuna jozi nyingine ya mtindo huo kwenye ca na cha: “cattle” na “chattel”, ng'ombe na mali inayohamishika, zote kutoka neno la Kilatini la mali ya mtaji. Mfugaji wa Kajiado hahitaji kuelezwa hilo.

Sheria ndiyo iliyowatenganisha mapacha hawa. Katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, “warranty” ni ahadi ya pembeni ya mkataba: ikivunjwa una haki ya fidia, lakini si ya kukataa bidhaa. Ahadi iliyo kiini cha mkataba ndiyo inayokupa haki ya kuirudisha. “Guarantee” kisheria ni ahadi ya mtu wa tatu kwamba atalipa deni la mwenzake asipolipa, na Sheria ya Mikataba inataka ahadi hiyo iwe kwa maandishi na sahihi. Huyo ndiye mdhamini.

Muuzaji wako huenda hakuwa na hayo kichwani. Mtaani, “guarantee” mara nyingi humaanisha utabadilishiwa simu, na “warranty” kwamba itatengenezwa. Kwa kuwa maana hiyo haijaandikwa popote, usibishanie neno. Mwambie aandike kwenye risiti mambo manne: muda, nini kinahusika na nini hakihusiki (betri, kioo na maji ndivyo hutolewa), kama utatengenezewa, utabadilishiwa au utarudishiwa pesa, na nani atatekeleza, duka au mtengenezaji. Namba ya IMEI, ile inayoitambulisha simu yako pekee, iwe kwenye risiti hiyohiyo, ulinganishe na inayotokea ukipiga *#06#. Zisipolingana, duka litasema simu si ileile.

SWALI: Ni “attorney generals” au “attorneys general”? — *Mwanafunzi wa sheria, Parklands*

JIBU: “Attorneys general”. Mahakama za Uingereza zilitumia Kifaransa kwa muda mrefu. Sheria ya 1362 iliyoamuru kesi zijadiliwe kwa Kiingereza ilikuwa yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa. Kifaransa hutanguliza nomino na kufuatisha sifa, kama Kiswahili. Mwanasheria Mkuu, si Mkuu Mwanasheria. Na kwa wingi tunabadilisha mwanasheria kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili ana nafuu hapa kuliko Mwingereza. Vivyo hivyo “courts martial”, “notaries public”, “governors-general”. Tahadhari moja: katika “major general” nomino ni hilo la pili, hivyo wingi ni “major generals”. Jipime kwa kuuliza cheo hicho ni mtu wa aina gani. “Attorney general” ni aina ya mwanasheria, “major general” ni aina ya jenerali.

SWALI: Kila Juni waziri wa fedha hupigwa picha ameinua mkoba. Kwa nini mkoba, na si kitabu? — *Mwalimu, Kariobangi*

JIBU: Kwa sababu bajeti ni mkoba. *Bougette* kwa Kifaransa cha kale ni kifuko cha ngozi. Kiingereza kikakifanya “budget”, bado kikimaanisha kifuko, halafu kilichomo ndani yake. Mwaka 1733 waziri Robert Walpole alipopanga kodi mpya, wapinzani wake walitoa kijitabu cha kumkejeli kikimwonyesha akifungua kifuko chake kama mganga tapeli anayetoa dawa. Kejeli ikasahaulika, neno likabaki serikalini. Wafaransa walilikopa baadaye kutoka Uingereza likiwa na maana ya hesabu za serikali, bila kujali kwamba lilikuwa lao. Sisi tulilipokea kama bajeti, na mkoba wa Juni ukaja nalo.

SWALI: Mimi ni ajenti wa nyumba. Naandika “master ensuite” na “quiet cul-de-sac” kwenye kila tangazo. Mteja mmoja kutoka Bujumbura alicheka. — *Ajenti, South B*

JIBU: Alikuwa na sababu mbili za kucheka. Kwa Kifaransa *ensuite* ni “halafu”, kwa hiyo tangazo lako linasema chumba kikubwa, halafu, kisha linanyamaza. Waingereza walichukua maana ya vyumba vinavyofuatana na wakaibana mpaka ikawa bafu lililounganishwa na chumba cha kulala. Kwa mteja anayezungumza Kifaransa andika *avec salle de bains privative*. Kwa wateja wako wa kawaida “ensuite” inaeleweka, mradi useme ni vyumba vingapi. “Three bedroom ensuite” inaweza kuwa bafu moja au matatu, na hilo hubadilisha kodi.

*Cul-de-sac* ni matako ya gunia. Ufaransa neno hilo linaeleweka, lakini kibao cha barabara huandikwa *impasse*. Kwa wingi unaweza kuandika “cul-de-sacs” au “culs-de-sac”, na L ya Kifaransa haitamkwi ingawa Waingereza huitamka. Ukiuza nyumba iliyo mwisho wa barabara, taja jambo ambalo mnunuzi atakuja kulitafuta kwa macho: kama lori la maji taka linaweza kugeuka hapo, au linarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu.